Chifu, Karani, na Wanawake

Harufu ya mvua ilianzia chumba cha giza. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na saba, Kitui nzima ikinunua maji kwa mtungi, na ndani ya kile chumba kisicho na dirisha nyuma ya Studio Shee palinuka udongo uliotoka kunyeshewa sasa hivi.

"Ni zile dawa za kusafishia picha," Mishi alisema.

"Dawa gani?" aliuliza Bi Tumu, bibi yake. "Babu yako alizikwa kabla ya Ramadhani, na dawa nilimwaga mimi mwenyewe."

Mishi aliinama akanusa sinki kavu. Kwa kawaida alikuwa na jibu kwa kila kitu. Chuoni, mwaka wa tatu, hakuna aliyetaka kusimama dhidi yake kwenye mjadala. Wavulana wa sheria walisema heri kubishana na mkondo wa mto Athi ukiwa umefurika. Sasa chuo kilikuwa kimefungwa, na yeye alikuwa amerudi nyumbani akajipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kuzipanga picha za marehemu babu yake, mzee Shee, aliyetoka Lamu akiwa kijana na kuipiga picha Ukambani yote kuanzia Nuu mpaka Kasikeu. Makasha yalijaa hadi dari. Watu walikuja kila wiki kutafuta sura za wazazi wao waliokufa, wakarudi mikono mitupu.

Rafiki yake Kalunde, aliyefundisha taipu na kompyuta pale mjini, alileta mashine kuukuu, skana, na disketi za programu mbili. Waliviweka ndani ya chumba cha giza maana ndicho pekee ambacho vumbi halikuingia.

"Chagua," Kalunde alisema. "Hii ya kwanza ni kama kabati. Unaweka picha kwa droo. Harusi, mpira, picha za kitambulisho. Ile huijui unatupa kwa mengineyo, maisha yanaendelea."

"Na ya pili?"

"Hiyo ina maringo. Kila uso unauchorea kisanduku, na kila kisanduku lazima kiwe na jina. Ukiacha kimoja wazi, inagoma. Haihifadhi picha hata ukilia. Lakini ukishamaliza, unaandika jina la mtu mara moja, inakutolea picha zake zote. Mimi nasema tuchukue kabati. Aki Mishi, makasha ni mengi, na mimi nina bwana wa kutafuta."

Mishi alichomoa bahasha iliyokuwa juu ya kasha la kwanza. Ilikuwa picha ya mwethya, akina mama waliojitolea kuchimba bwawa kule Nuu mwaka wa sitini na nne. Wamepinda migongo, mawe kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Mbele yao wamesimama wanaume wawili wamenyooka. Mzee Shee alikuwa ameandika nyuma kwa mwandiko wake mzuri wa madrasa: *Chifu Mulei, karani Gachanja, na wanawake.*

"Na wanawake," Mishi alisoma. Akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Kalunde, hebu niambie. Hawa wamebeba mawe. Chifu amebeba nini?"

"Kofia."

"Kofia! Na ndiye mwenye jina!" Akafungua bahasha nyingine. *Bwana Muturi na mkewe.* Nyingine. *Mwalimu wa Kilungu, mama yake, na dada.* Kasha zima lilikuwa hivyo. "Ndiyo maana watu hawapati mama zao humu. Hawamo! Tunachukua hii yenye maringo. Ikigoma, igome. Safari hii kila mwanamke ataandikwa jina lake mwenyewe, si la mume wala la baba."

"Sawa, mheshimiwa," Kalunde alicheka. "Susu wangu, bibi yangu, yumo kwenye hiyo picha ya Nuu. Nitamleta awataje."

Bi Tumu alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Alitaka kusema neno, akalimeza.

Syombua, susu wa Kalunde, alikuja siku ya soko. Alikuwa bibi mkavu mwenye macho makali, na kwao Nuu ndiye aliyepiga ngoma ya kilumi mtu akishikwa na pepo. Waliposogeza uso wake karibu na kioo cha kompyuta alipiga kigelegele kidogo. "Aiee! Huyu ni Nthenya, alikuwa na mdomo huyu! Huyu ni mimi. Mlidhani nilizaliwa nimezeeka?" Mishi aliandika kwa furaha. Jina baada ya jina, visanduku vilijaa.

Kikabaki kimoja. Mwanamke wa pembeni kabisa, aliyekatwa kidogo na ukingo wa picha. Wenzake walikuwa wamepinda, yeye amenyooka. Hakuwa na jiwe. Na miguu yake ilikuwa imelowa hadi kwenye vifundo, inang'aa, ilhali bwawa lilikuwa bado shimo la vumbi.

"Na huyu, susu?"

Syombua aliondoa macho kwenye kioo. Kisha akajifunga leso upya, polepole. "Huyo hakuwa nasi."

"Lakini yumo."

"Nimesema hakuwa nasi. Muacheni hivyo hivyo."

"Programu haikubali," Mishi alisema kwa adabu. "Tukimwacha yeye, wote wanapotea, hata wewe."

"Kati yako na hilo sanduku, mkubwa ni nani?" Syombua aliuliza, akatoka bila kuaga.

Wasichana walitazamana. Kisanduku kilipepesa kistari chake, kikingoja. Mishi alibonyeza kuhifadhi, mashine ikagoma. Akabonyeza tena, ikagoma. Jasho lilimtiririka, na ile harufu ya mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba Kalunde aliziba pua.

"Mpe jina lolote tutoke humu," Kalunde alisema. "Mwite Kasyoka. Si tumemwona pia kwenye ile picha ya harusi ya Mwingi tuliyoichomoa jana? Anarudi rudi."

Kasyoka, kwa Kikamba, ni yule aliyerudi. Walicheka, na Mishi akaandika. Mashine ikakubali mara moja, kwa wepesi ambao haikuwahi kuuonyesha. Nyuma yao, kwenye sinki iliyokauka tangu msiba, tone moja la maji lilidondoka.

Siku zilizofuata Mishi alijaribu kuandika jina hilo kwenye nafasi ya kutafutia, kwa mzaha tu. Ikatoka picha ya Nuu. Ikatoka harusi ya Mwingi. Ikatoka timu ya mpira ya Kasikeu, na darasa la Kilungu, na picha ambazo yeye hakuwa amezipitisha kwenye skana kamwe. Na katika kila moja alikuwepo yule yule, umri ule ule, miguu imelowa, lakini hakuwa tena pembeni. Kwenye ile ya mwethya alikuwa amesogea hadi katikati, kati ya chifu na karani, na alikuwa ameanza kutabasamu.

"Kasyoka!" Bi Tumu aliita kutoka jikoni. "Njoo unywe kahawa, mwanangu."

Mishi alisimama wima. "Bibi, umeniita nani?"

"Nimekuita jina lako. Ulitaka nikuite nani?"

Mchana huo Kalunde alipokuja, alimwelekezea kidole, akafungua mdomo, akabaki hivyo. "We... wewe... ngoja."

"Mishi!"

"Eh, Mishi. Pole, ni hili jua."

Lakini halikuwa jua. Mteja aliyemjua tangu utotoni alimwita "wewe msichana". Mwenyewe aliandika *Mishi* kwenye programu, jina alilokuwa ameliandika kwa mkono wake kwenye visanduku vya picha zake za utoto, na programu ikajibu kwamba haimjui mtu huyo. Alichomoa zile picha zenyewe, za karatasi, kutoka kwenye albamu: Idi, siku ya kwanza ya shule, siku ya barua ya chuo. Gauni lilikuwa lake. Kiatu cha shule kilikuwa chake, kimoja kamba imekatika. Uso haukuwa wake, na kiatu kilikuwa kimelowa.

Akamkamata bibi yake mabega. "Sema. Babu alijua nini?"

Bi Tumu alinong'ona, macho yakiwa kwenye mlango wa chumba cha giza. "Alimpiga picha pale Nuu bila kumwona. Alimwona alipoisafisha, ndani humo, akimtokea kwenye karatasi. Yule mwanamke akaanza kumwandama. Kila picha aliyopiga, yumo. Anataka jina. Babu yako alihofia kwamba akiwaandika wanawake wote na kumwacha mmoja, kuna mtu siku moja ataliona pengo na kulijaza. Kwa hiyo hakumwandika hata mmoja."

"Kwa ajili ya jini mmoja, wanawake wa Ukambani nzima wakanyimwa majina?" Hata katika hofu ile hasira ilimpanda. "Si angezichoma? Si angetuambia? Alitufungia ndani pamoja naye, halafu akaita hiyo ni busara!"

"Usinipigie kelele, Kasyoka," bibi alisema kwa upole, na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua amekosea na hakujua alipokosea.

Walimwita Syombua. Alikuja na ngoma yake, akasimama kizingitini, akanusa, na hakuivua ngoma begani.

"Nani alimpa jina?"

"Mimi," Mishi alisema. "Mtoe, susu. Nakuomba."

"Mwiitu wakwa, binti yangu, sikiliza. Kwetu mtoto akizaliwa, kabla hajapewa jina bado ni wa kiimu, ni wa mizimu. Jina ndilo linalomtoa huko na kumfanya mtu. Mimi ninatoa kilichojiingiza. Huyu hakujiingiza. Mmemzaa. Ana jina, ana picha, ana kwao. Nimtoe aende wapi?"

"Lakini kwao ni kwangu!"

"Ndiyo hivyo," Syombua alisema. "Na nyumba moja haikai binti wawili mahali pa mmoja."

Mishi alitafuta hoja, kama kwenye mjadala. Kisha akaipata. Kama jina ndilo lililomfanya mtu, basi jina lingeweza kufutwa. Hakumwambia yeyote. Aliingia chumba cha giza saa sita mchana, jua likipasua mabati nje, akapiga komeo ili asikatizwe.

Ndani taa nyekundu ilikuwa inawaka ingawa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kioo cha kompyuta nacho kilikuwa kinawaka. Aliifungua picha ya Nuu bila kumtazama yule mwanamke usoni, akatazama kisanduku tu, akaanza kufuta herufi moja moja, na kwa kila herufi aliyoifuta maji yalisikika yakipanda mahali fulani chini ya sakafu, na harufu ya mvua ikawa si harufu tena bali kitu kinachokaa mdomoni kama tope, na akahisi nyuma ya shingo yake pumzi baridi ya mtu anayesoma pamoja naye, mtu asiye na haraka, mtu aliyengoja tangu kabla Mishi hajazaliwa, naye akaendelea kufuta kwa sababu alijua akigeuka hatamaliza, akafuta ile *a* ya mwisho, na kisanduku kikawa cheupe, na ndipo alipoinua macho akaona kwamba uso ulio juu ya kisanduku kile kitupu, pembeni kabisa, umekatwa kidogo na ukingo, ulikuwa wake.

Aligeukia mlango. Mlango haukuwepo; palikuwa na vumbi la Nuu, na migongo ya wanawake iliyopinda, haisogei, na mbele yao visogo vya wanaume wawili. Alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Hakuna mtu anayegeuka kwenye picha.

Kalunde alipofika jioni, msichana mmoja alikuwa kaunta akipangusa kioo. Peku.

"Karibu, mpenzi," alisema. "Umechelewa."

"Kasyoka, nimechoka!" Kalunde alijibu, akamkumbatia, akashangaa jinsi nguo zake zilivyokuwa baridi. Bi Tumu alikuwa anamimina kahawa. Kila kitu kilikuwa sawa. Ila kwenye sakafu ya simenti kulikuwa na nyayo za maji kutoka chumba cha giza hadi kaunta, na hakukuwa na nyayo za kurudi.

"Ile picha ya Nuu imegoma tena," alisema yule wa kaunta. "Kuna mmoja hana jina. Hebu nisaidie."

Kalunde aliingia, akakaa mbele ya mashine. Pembeni ya akina mama kulikuwa na binti wa umri wake, aliyevaa fulana ya chuo, mwenye macho ya mzee Shee, mdomo wazi kama anayebishana. Alimtazama kwa muda mrefu. Aliusogelea uso ule mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alijua kwamba anamjua. Alijua kwamba kulikuwa na neno fupi, jepesi, ambalo aliwahi kuliita akicheka, na kila alipolifikia liliyeyuka kama chumvi.

Kistari kilipepesa. Nje, kaunta, mtu alikuwa anaimba taratibu.

"Umempata?"

Kalunde alijaribu mara ya mwisho. Kisha akaandika kitu pekee alichokuwa na hakika nacho.

*Mjukuu wa Shee.*

Mashine ikakubali.