Pacha Wangu Aliyezama Alinifungulia Mlango Wangu

"Mama! Kuna mtu hapa ana uso kama wako!"

Huyo ni Faith. Mtoto wangu wa kuzaa, miaka sita. Ananitazama MIMI halafu anamwita mtu mwingine mama!

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, hapa Langas, Eldoret. Nimetoka kazini saluni, nimegonga mlango wa nyumba yangu...

Akatoka mwanamke amevaa dera yangu.

Wasomaji wangu! Alikuwa Mukhwana, pacha wangu! Alizama mto Nzoia tukiwa na miaka tisa. Tulimzika nikiona!

Akarudi nyuma hatua moja.

"Mulongo? Si wewe ndio ulizama?"

Mume wangu, Murunga, akatokea nyuma yake na panga.

"Toka, pepo! Kwa jina la Yesu, toka!"

"Murunga, ni mimi! Bibi yako!"

"Bibi yangu ni huyu!"

Nikakimbia hadi saluni. Diana, tumefanya kazi pamoja miaka minne, akanitazama akasema, "Karibu kastoma. Ni kusuka?"

Hapo ndio nilielewa. Nilikuwa nimeingia dunia nyingine. Dunia ambayo aliyezama ni mimi.

Halafu nikakohoa... Yakatoka maji. Maji ya mto, na matope!

Nikaenda kwa Mama, Moi's Bridge, njia nzima nikikohoa. Aliponiona hakupiga nduru. Hiyo ndio iliniogopesha zaidi.

"Mama, umefanya nini?"

Akavuta chungu kutoka chini ya kitanda. Kilijaa maji, na picha yangu ilikuwa imezama ndani.

"Kuna mganga aliniambia anaweza kunirudishia Mukhwana. Sikujua itakuwa hivi, mwanangu."

"Mwaga basi! Nakufa!"

"Nikimwaga, Mukhwana anazama tena. Siwezi kumzika mara mbili!"

"Na mimi je?"

Akafunika uso na leso.

Pumzi ilikuwa imekatika. Nikaanguka pale sakafuni...

Mlango ukafunguka. Mukhwana! Alikuwa amenifuata, na alikuwa amesikia yote.

Akapiga magoti, akanipangusa matope mdomoni.

"Faith anaogopa radi," akaniambia. "Lakini hiyo unajua."

"Mukhwana, usi..."

Mama alimng'ang'ania nguo akilia, "Hapana, mwanangu!" Lakini Mukhwana alikuwa ameshainua chungu. Akamwaga yote.

Nilipofumbua macho nilikuwa mlangoni kwangu, na Faith amenishika mkono.

"Mama, mbona umeloa?"

Nililia wiki nzima. Murunga, ambaye hakumbuki chochote, alidhani ni malaria. Mama nilikuwa nimeshamsamehe. Nilijiambia mganga alimchezea akili, maskini, hakujua.

Jana akanipigia simu.

"Mulongo, nimeshindwa kulala na hii kitu. Yule mganga aliniuliza nani achukue nafasi ya Mukhwana mtoni."

"Ukamwambia nini, Mama?"



"Nilitaja jina lako. Hata sikufikiria."

Tangu Mukhwana azame, miaka ishirini na tatu, nimekaa na huyu mama jikoni, na nilipoolewa nikawa nampelekea unga na sukari. Kumbe kila akinitazama, alikuwa anatafuta uso wa mwingine.

Ndugu zangu, aliyekufa mlilie. Mlilie hata miaka mia! Lakini yule amebaki, amekaa hapo mbele yako anakumenyea viazi... mwangalie pia. Naye ni mtoto wako.