Karatasi Nne Zisizo na Namba

Émilienne aliweka jiwe juu ya karatasi nyingine, akanyoosha mgongo. Mkeka mzima ulikuwa umejaa karatasi zilizoanikwa juani kama ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na sanduku lilikuwa bado halijatolewa hata nusu.

Papa yake, Alphonse, alikuwa karani wa mahakama ndogo ya Baraka. Vita ilipoingia mjini, majirani walikimbia na magodoro na masufuria. Yeye alibeba sanduku la bati lenye dosie, majalada ya kesi za mahakama, akalizika katika shamba la mihogo. Sasa watu walikuwa wameanza kurudi, na sanduku lilikuwa limefukuliwa likiwa limeingia maji ya mvua.

"Kila karatasi ina namba juu," papa alikuwa amemwambia asubuhi kabla ya kwenda ofisini. "Namba ndiyo inasema karatasi ni ya dosie gani. Ukiona namba imefutika, weka kando. Usikisie. Nitaisoma mimi mwenyewe."

Kufikia saa sita, karatasi zilizokauka zilikuwa zimerudi katika majalada yake. Zilibaki nne ambazo maji yalikuwa yamefuta namba zake. Hapo rafiki yake Chérie akachungulia kwenye ua.

"We Émilienne! Umekuwa karani siku hizi? Ndagala yako haina hata harufu! Njoo, tunaenda kuoga ziwani."

Émilienne alitazama karatasi zile nne. Papa akizikuta, angemketisha hapo hadi jioni amsaidie kuzisoma. Akazichomeka moja moja katika majalada yaliyokuwa karibu, akafunga kamba, akakimbia.

Aliporudi, nywele zikiwa bado na maji, alimkuta Mama Nuru ameketi mlangoni. Mama Nuru alikuwa mke wa Swedi, mvuvi. Mbele yake palikuwa na sahani ya ugali iliyofunikwa kitambaa, chakula alichomwandalia mume wake aliyekuwa amefungwa katika kasho ya polisi. Papa alikuwa amepiga magoti kati ya majalada.

"Karani, tafuta tena," alisema Mama Nuru.

"Nimeshatafuta katika dosie yake mara tatu, mama."

Émilienne alielewa habari ile kidogo kidogo. Kabla ya vita, tajiri mmoja wa mitumbwi alimshitaki Swedi kwamba ameiba injini yake. Jaji alisikiliza, akaona Swedi hana kosa, akamwachilia. Baada ya watu kurudi, tajiri alikwenda kwa polisi na mashitaka yaleyale, na Swedi akakamatwa tena. Jaji alikuwa bado Kazimia, alikokimbilia. Lakini Bwana Fabien, naibu wa mwendesha mashitaka, alikuwa amekuja kutoka Uvira. Kesho asubuhi angerudi kwa boti pamoja na wafungwa.

"Amesema hivi," Papa alieleza. "Mutu hawezi kuhukumiwa mara mbili kwa jambo moja. Nikimuletea hukumu yenye muhuri kabla ya saa kumi na moja, atamwachilia. Nisipoileta, Swedi anapanda boti."

"Lakini we ulikuwa ndani ya kikao! Mwambie ulisikia!"

"Kumbukumbu ya karani si hukumu, mama."

Mama Nuru aliinuka. "Ni nani amekupa kitu, Alphonse, ili karatasi ya mume wangu ipotee?"

Papa alifungua tena dosie ile ile. Émilienne aliziona kamba alizozifunga yeye mwenyewe. Alifikiri: nikinyamaza, watasema ni maji yaliyoiharibu. Maji hayawezi kukana. Halafu akaiona sahani ile ya ugali uliokwisha kupoa.

"Papa," alisema, na sauti ikatoka ndogo. "Kulikuwa na karatasi zisizo na namba. Nilizichomeka tu."

"Ngapi?"

"Nne."

"Katika dosie gani?"

"Sikuangalia."

Alingojea kofi. Papa alitazama jua, kisha akavuta rundo la majalada. "Keti. Fungua kamba. Mama Nuru, we utaweka upande ule yote tuliyomaliza. Hakuna kuruka hata moja."

Yalikuwa majalada ishirini na sita. Katika la tano walipata karatasi ngeni, lakini ilihusu ng'ombe wa watu wa Minembwe. Mama Nuru alianza kusali kwa sauti ya chini. La tisa, hakuna. La kumi na tatu, hakuna. Vivuli vilikuwa vimevuka ua walipofungua la kumi na saba. Papa aliinua karatasi moja kuelekea jua, na katikati ya doa la maji Émilienne akasoma jina: Swedi. Chini, muhuri ulikuwa mzima.

Walikwenda mbiombio hadi kituo cha polisi. Bwana Fabien aliisoma polepole, akailinganisha na tarehe katika kitabu cha vikao ambacho Papa alikuwa amekibeba.

"Kwa nini haikuwa katika dosie yake?"

Papa alifungua kinywa, lakini Émilienne alimtangulia. "Ni mimi. Niliambiwa nisikisie, nikakisia."

Naibu alimtazama juu ya miwani, akachukua kalamu. Kabla ya saa kumi na moja Swedi alikuwa barabarani, akila ugali baridi kwa mkono, akitembea. Mama Nuru alimshika Papa mkono. "Nisamehe, karani."

"Ulikuwa na hofu, mama."

Njiani Émilienne aliuliza, "Kama angepelekwa Uvira, si mahakama ya kule ni kubwa kuliko yetu? Si wangeona ukweli?"

"Juu ya Uvira kuna Bukavu, na juu ya Bukavu kuna Kinshasa," alisema Papa. "Polisi anakamata, mwendesha mashitaka anashitaki, jaji anahukumu. Lakini majaji wa huko juu hawakuiona injini, wala hawamjui Swedi. Wanasoma tu kile ambacho karani amewapelekea. Anayekisia hapa chini anawafumba macho wote. Kukosa ni kwa kila mutu, mwanangu. Leo umesema kabla hatujachelewa. Kesho fanya kazi vizuri, ili usiwe na kosa la kusema."

Nyumbani jua lilikuwa limezama. Papa alifunika majalada tisa yaliyobaki.

"Bado karatasi mbili," alisema Émilienne.

"Ndiyo. Wenye kesi hizo hawajui hata kama zimepotea. Tutaanza na jalada la kumi na nane, mapema."