Kisanduku cha Wati Tisa

Kisanduku kile hakikuwahi kula zaidi ya wati tisa. Kazi yake ilikuwa kurekodi mtikisiko wa mashine ya kuponda mawe, na kwa ajili ya vumbi na maji kilifungwa kwa chuma kinene, hata sindano haipenyi. Asubuhi hiyo mita yake ikasoma thelathini, na nyuma ya mashine, kilipokaa, pakanuka nywele zilizoungua.

"Bisibisi, zima," kaka alimwambia mdogo wake. Alimpa jina hilo kwa wembamba wake, naye alishachoka kununa.

Bisibisi akazima swichi ya mlangoni. Kaka akaifunga kwa kufuli lake, akatia ufunguo mfukoni. Ndiyo sheria ya pale: anayegusa mashine hufunga umeme kwa kufuli lake, na hakuna mwingine wa kuwasha, awe nani.

Mita haikushuka.

"Kaka, umeme haupo. Mbona bado kinakula?"

"Acha kunitisha bwana." Akakishika.

Lo! Kikamdaka. Kikamvuta mkono mpaka kiwiko kikavunjika, kikambamiza uso ukutani mara moja, mara mbili, meno yakatawanyika sakafuni, na ndani ya chuma kile kitu kikawa kinameza, kinameza, mita ikiruka hadi mia, kisha ikishuka themanini, hamsini, na kaka akinyauka huku Bisibisi akikipiga nyundo na kulia, "Mwachie! Mwachie kaka yangu!"

"Jini, mdogo wangu," kaka alinong'ona. "Lina njaa. Lipe umeme..."

Mfuko wenye ufunguo ulikuwa umebanwa ukutani. Bisibisi akakimbia mlangoni, akavunja kufuli kwa nyundo, akawasha. Mita ikaruka hadi mia tatu. Kaka akakohoa, akavuta pumzi. Alhamdulillahi!

Msimamizi akaingia. Akaona kufuli limevunjwa na swichi imewashwa, naye, kama alivyofundishwa, akazima kwanza.

"Washa! Kinamla kaka!"

"Kufuli la nani hili?"

"La kaka!"

"Basi aje awashe mwenyewe. Unataka kuua mtu?"

Bisibisi akamrukia. Mwanaume yule akamkamata kiunoni, akamshikilia kwa nguvu, akimkaripia kwamba siku moja atamshukuru, naye Bisibisi akamng'ata mkono hadi damu, bure. Nyuma ya mashine kikohozi kikakatika. Kisha kitu kikapiga mbweu, mbweu ndefu ya aliyeshiba.

Msimamizi akamwachia taratibu.

"Huko nyuma kuna nani?" akauliza.