Sixbert Mwingine

"Ishia hapohapo barazani, Baba Otto! Ndani utaingia na wanajumuiya."

Sixbert akarudisha mguu. Miaka mitatu alikuwa Tunduru akichimba mawe ya thamani, kama wanaume wengi wa mtaa wao wa Lizaboni waliopagawa na mawe hayo, na utajiri aliorudi nao ni shati moja na kikohozi. Otto, mtoto wao wa pekee, alizikwa baba yake hayupo. Mkewe Imaculata alizuia mazishi siku mbili akimsubiri, huku mashemeji na mawifi wakimfokea kwamba anamtesa marehemu. Tangu hapo hakulia mbele ya mtu, wala hakwenda kukomunika kanisani. Alikuwa anaishi tu.

"Imaculata, mke wangu..."

"Nimesema subiri."

Mama Kunegunda, mwenyekiti wa jumuiya, akafika na wenzake, rozari shingoni.

"Shikamoo, mama," Sixbert akasema.

"Marahaba. Ingia, keti mkekani kama wengine. Leo zamu ya sala ni ya nyumba hii, na mwenye nyumba ana neno. Sema, Mama Otto."

Imaculata akasimama. Maneno haya aliyapanga wiki nzima, tangu aliposikia mumewe karudi mjini.

"Nataka mume wangu arudi nyumbani. Najua mnanong'ona kwamba alisusa msiba wa mwanawe. Jamani, hakupata habari! Tangazo lilisomwa redioni, lakini huko machimboni nani ana redio? Angesikia, angekuja hata kwa miguu. Mimi sina kinyongo naye."

"Amina!" wakaitikia. Jirani yao Adela, ambaye haraka ndiyo ugonjwa wake, akaanzisha wimbo wa shukrani.

Hapo mwanamume mwenye kujipenda angeinamisha kichwa, akasubiri chakula cha jioni. Sixbert akainua mkono.

"Nyamazeni kidogo. Nilisikia."

Wimbo ukakatika.

"Ulisikia nini?" Imaculata akauliza.

"Tangazo. Nilikuwa kijijini Nakapanya, kwa mwanamke, jina lake Subira. Nilikuwa nimemdanganya kwamba sina mke wala mtoto. Tukiwa tunakula, redio ikasema, 'Habari zimfikie Sixbert Mbawala, popote alipo.' Likatajwa na jina la marehemu, Otto. Subira akaniuliza, 'Huyu si wewe?'"

"Ukamjibu nini?"

Sixbert akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Baba Otto, ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Huyo ni Sixbert mwingine.' Nikaendelea kula."

Imaculata akamrukia. Akamkamata shati, akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye Sixbert hakujikinga. Adela akataka kuamua ugomvi, Mama Kunegunda akamvuta kanga.

"Nilikutetea! Kwa mama yako, kwa padri, kwa kila mtu! Mwanangu kalala hapa siku mbili namsubiria mtu anayekula ugali!"

Ndipo kilio kikamtoka, kile cha siku ya msiba, kilichokwama miaka yote. Akaanguka mkekani. Akina mama wakamzunguka wakalia naye, kana kwamba maiti imeletwa sasa hivi.

"Walisema namtesa marehemu, mama," akasema, kichwa pajani kwa Mama Kunegunda. "Nami niliamini. Kila nikisali nasikia maneno yao."

"Walikosea. Na mimi nilikuwepo siku ile, nikanyamaza. Unisamehe, mwanangu."

"Na mimi," Adela akasema, akipenga kamasi. "Mimi ndiye niliyekuita kichwa ngumu."

Imaculata akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kifua kikamwachia, akavuta pumzi hadi chini kabisa. Hasira kwa Sixbert ilikuwepo bado, tena ya moto, lakini yeye mwenyewe hakuwa na deni tena kwa mtoto wake.

Sixbert alikuwa ameshafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Hapa sistahili kukaa."

"Ni kweli hustahili. Nyumba hii sijakufungulia, na huenda nisikufungulie kamwe. Ila makaburini tunakwenda sasa hivi, jumuiya nzima, na wewe unakwenda mbele."

"Mimi nikaseme nini kule, Mama Otto?"

Imaculata akajifuta uso, akajifunga kanga vizuri.

"Ukamwambie mwanao wewe ni Sixbert yupi."