Sura Kwenye Tambara

Kopo la thina ya kuyeyushia rangi lilikuwa limebaki moja tu, na watu wawili walikuwa wamelishika.

Ilikuwa saa nne asubuhi na duka la rangi na misumari limejaa hadi mlangoni. Upande mmoja wa kopo alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyogeuka nyeusi kwa oili, spana imechomoza kwenye mfuko wa nyuma. Upande wa pili alikuwepo mwanamke mfupi mwenye gauni la maua na raba miguuni. Kucha zake kumi zilikuwa na rangi kumi, na hakuna hata moja iliyopakwa kwa ajili ya urembo.

"Dada, achia. Nina gari la mgonjwa juu ya jeki."

"Mgonjwa anakwenda wapi na gari lililo juu ya jeki?"

Watu wakacheka. Mwanamume naye akacheka, lakini hakuachia.

"Achia wewe," mwanamke akasema. "Nina fulana mia mbili za mahafali na skrini ya kuchapia imeziba kwa wino. Zisipotoka leo bosi ataninyonga. Na bosi mwenyewe ni kaka yangu, kwa hiyo hatanionea huruma."

"Ninyi wawili," mwenye duka akapiga kaunta, "mnanunua au mnaoana? Kuna foleni hapa!"

Wakagawana. Mwanamume alimmiminia nusu yake kwenye chupa ya maji, polepole, bila kumwaga tone. Yeye alikuwa fundi wa magari, gerejini wakimwita Spana. Mwanamke alikuwa mchapaji wa fulana, na kila aliyeziona kucha zake alimwita Wino.

"Fulana zikiharibika mnazipeleka wapi?" Spana akauliza.

"Tunatupa."

"Mnatupa! Na sisi tunafutia mikono karatasi za mifuko ya saruji?"

"Maskini ya Mungu. Basi Jumamosi nitakuletea gunia zima. Ukome kuninyang'anya thina."

Alilipeleka kweli, na Jumamosi iliyofuata akapeleka tena. Mchapaji kabla ya kuanza kazi yoyote hupiga kwanza mara tatu nne kwenye kitambaa kibovu, aone kama wino unatoka sawasawa. Vitambaa hivyo hutupwa kwenye kona, na Wino alivikusanya vyote. Kwa hiyo mafundi wa gereji ile walifuta oili kwa sura za maharusi, nembo za shule na timu za mpira, na walipomwona Wino anakuja na gunia begani walipiga hodi kwenye mabodi ya magari kwa spana zao. "Shemeji huyo! Shemeji huyo!"

Simu zao zilikuwa hivi:

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Nimekula kukuwaza."

"Muongo. Nasikia unatafuna muhogo."

Kaka mtu hakupendezwa. Kaka alikuwa amemlea Wino tangu mama yao alipofariki, na duka la kuchapa alilianzisha kwa meza moja na skrini moja. "Mekanika?" alisema. "Mtu anaoga na maji yanabaki yanawaka moto?" Lakini alisema hivyo akitabasamu kidogo, na Wino alijua kwamba muda si mrefu angekubali.

Halafu uchaguzi ukafika.

Gereji nzima ilikuwa upande wa mgombea mmoja. Aliwaahidi eneo la kudumu, lenye hati. Lilibaki jambo moja tu: mgombea mwenza wake ni nani. Mafundi walikuwa na hakika atamchukua mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye miaka miwili nyuma alisimama mbele ya tingatinga siku gereji zilipobomolewa. Siku hiyo mkuu wa mji alileta mashine saa moja asubuhi bila taarifa. Ukuta ulimwangukia mzee aliyemfundisha Spana kazi. Spana alimfukua kwa mikono, na mzee alikata roho kichwa kikiwa kwenye mapaja yake. Tangu siku hiyo mkuu yule aliitwa Tingatinga, na jina lake la kuzaliwa lilisahaulika pale gerejini.

Siku ya Alhamisi watu wa chama walikuja kwa Kaka na kazi ya fulana elfu tatu zenye sura mbili, ya mgombea na ya mwenza wake. Tangazo lilikuwa Jumapili. Wafanyakazi wote waliapishwa, na simu zao zikakusanywa kwenye ndoo mlangoni.

"Siri ikitoka hapa," mkuu wa walinzi wa chama alisema, mtu mwenye shingo pana na sauti ya upole, "sitauliza mara mbili."

Wino alipoiinua skrini ya kwanza kwenye mwanga, alikutana uso kwa uso na Tingatinga.

Aliketi chini. Alimfikiria Spana. Halafu alimfikiria Kaka, akasimama, akaanza kuchapa. Kama kawaida, alipiga mara tatu kwenye vitambaa vibovu, akavitupa kwenye kona.

Walifanya kazi siku mbili karibu bila kulala. Jumamosi mchana, macho yakimuuma, Wino alifanya alichofanya kila Jumamosi. Alifagia kona, akashindilia gunia, akalibeba, na mlangoni akarudishiwa simu yake bila gunia kukaguliwa.

"Umechoka, mama," Spana akasema akilipokea. "Kaka yako anawachapisha nini huko?"

"Kalenda."

"Kalenda mwezi huu?"

"Wateja wana haraka zao. Niache, baba, nikanunue chakula nirudi."

Alimgusa shavu, akaacha alama ya kijani, akaondoka.

Haikupita nusu saa. Fundi wa breki alichomoa tambara kutoka kwenye gunia, akafuta mikono, akaona jicho. Akalikunjua. Mgombea wao huku, Tingatinga huku, na chini yao maandishi: PAMOJA TUNAJENGA.

Tambara lilipita mkono kwa mkono hadi likamfikia Spana. Alilitazama muda mrefu.

"Kalenda," akasema.

Halafu mtu akapiga kioo cha gari kwa nyundo, na gereji yote ikalipuka. Walitoka na spana, nyundo, minyororo na vyuma vya jeki, watu arobaini, na njiani wakawa mia mbili. Mabango ya mgombea waliyoyabandika wenyewe wiki iliyopita waliyachana kwa kucha. Gari la chama lilipinduliwa na kuchomwa, na dereva alitoka dirishani shati likiwaka. Kila mmoja alikuwa akitaja jina la mzee aliyekufa, hata wale ambao hawakumjua.

Spana alikimbia mbele. Aliamini Wino amesharudi dukani, na alitaka amtoe kabla wengine hawajafika. Mlango wa duka ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa ndani. Aliupiga kwa spana ya magurudumu mara nne, bawaba zikang'oka. Wino hakuwemo. Wengine wakaingia kupitia mlango alioufungua yeye.

Wino alikuwa ng'ambo ya barabara, mikononi ameshika mikate. Alimwona Spana akivunja mlango. Aliona moshi. Akasikia sauti ya Kaka, na hakuwahi kuisikia sauti hiyo kabla.

Walikuwa wamemshika Kaka wanne. Ile mashine ya kupigia fulana pasi, yenye sahani mbili za chuma, ilikuwa bado ya moto. Waliuweka mkono wake wa kulia katikati, wakashusha mpini.

Jumapili tangazo halikutolewa. Chama kilisema kina mashauriano. Asubuhi hiyo simu ya Wino ililia, na akaipokea akiwa amesimama kwenye ukumbi wa hospitali.

"Usinipigie."

"Nisikilize kidogo, mpenzi."

"Nilikuona! Kwa macho yangu. Umevunja mlango wa kaka yangu!"

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Na nyundo ni ya kunitafutia?"

"Spana."

"Unanitania? Mkono wake umebaki mfupa, halafu unanisahihisha?"

Spana akasema, "Ulisema kalenda."

"Niliapa. Nani alikwambia? Nani alikuuzia siri yetu?"

"Hakuna aliyeniuzia. Umeniletea mwenyewe, Wino. Ilikuwa kwenye gunia."

Wino alikata simu. Alisimama pale mpaka mfagizi akamwomba asogee. Alikuwa anaiona kona ya duka, na ufagio, na mikono yake mwenyewe ikishindilia. Hakuna mwingine aliyeigusa kona ile. Hakuna mwingine aliyewahi kuigusa.

Alirudi wodini akiwa amedhamiria kusema. Kaka alilala uso ukiwa wa majivu, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, na sindano ya maji kwenye mkono mwingine. "Kunywa maji, mdogo wangu," akamwambia. "Hujala tangu jana." Wino akanywa maji. Hakusema.

Jumatatu asubuhi alimkuta Kaka anazungumza, simu ameibana kwa bega.

"Ndiyo, huyo huyo mrefu. Mikono yote miwili," akasema, akaiacha simu ianguke kwenye mto.

"Kaka, mikono ya nani?"

"Ya mekanika wako. Alimhonga mtu wangu akapata siri. Walinzi wako njiani. Usilie. Mimi nani alinililia?"

"Kaka, ni mimi."

"Nini?"

"Matambara ya majaribio. Niliyafagia kwenye gunia lake. Hakuna aliyehongwa. Ni mimi, kwa usingizi wangu na upumbavu wangu. Najua tangu jana."

Kaka alimtazama. "Tangu jana."

"Wapigie, Kaka! Wazuie!"

Alipiga. Simu ya yule mkuu wa walinzi ilikuwa imezimwa. "Huwa anazima akiwa kazini," Kaka akasema, bila kumtazama.

Wino alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Gereji ilikuwa kimya. Mafundi wengi walikuwa wamejificha, wanaogopa polisi. Spana alikuja kazini kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kukaa na mawazo yake. Walinzi sita walikuwa wamemlaza kifudifudi juu ya meza ya kazi, vidole vya mkono wa kulia vimebanwa kwenye jiliwa, ule mdomo wa chuma wa kushikia vyuma. Mmoja alikuwa anazungusha mpini taratibu. Spana hakuwa analia. Alikuwa anapumua kwa meno.

"Mwachieni! Mnayemtaka ni mimi!"

Mkuu wa walinzi aligeuka. "Wewe si mdogo wa mwenye duka?"

"Mimi ndiye niliyetoa siri. Mwachieni, mnibane mimi."

"Wino, ondoka!" Spana akafoka. "Anasema uongo, huyu! Mimi ndiye niliyeiba!"

"Nyamaza wewe!"

"Nyamaza mwenyewe!"

Mkuu wa walinzi alitikisa kichwa kama mzazi. "Wanapendana," akasema. "Malizia." Mpini ukazunguka, na mifupa ikasikika.

Wino alichukua chuma cha jeki kilichokuwa chini na kumpiga mshika mpini kwenye goti, kwa nguvu zote za mtu anayeburuta mpira wa kusambazia wino kwenye skrini siku nzima. Jamaa akaanguka. Mlinzi mwingine alichomoa kisu, akamjia. Spana, mkono mmoja ukiwa bado kwenye jiliwa, alinyoosha wa kushoto na kukidaka kisu kwenye makali. Damu ikaruka kwenye gauni la maua. Hakukiachia. Mlinzi alivuta, na Spana alizidi kukaza, mpaka Wino akampiga yule mtu mgongoni, na mafundi waliokuwa mafichoni wakasikia kelele zake wakatokea juu ya ukuta wakiwa na minyororo.

Walinzi waliondoka wakimburuta mwenzao mmoja. Wawili waliacha meno yao pale chini.

Hospitali ilikuwa na kitanda kimoja kitupu katika wodi ya majeruhi wanaume. Kilikuwa jirani na cha Kaka.

Jumanne saa saba mchana mgombea alionekana kwenye televisheni ya wodini. Wagonjwa wote waligeuza vichwa. Akasema kumekuwa na uzushi mwingi, na kwamba jina lililotajwa mitaani hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Kisha akainua mkono wa bwana mmoja mwembamba mwenye tai ya njano.

"Nani huyo?" mgonjwa mmoja akauliza.

"Daktari wa meno," nesi akajibu. "Alishawahi kuning'oa hapa nyuma."

Halafu Kaka akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamjaa masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Wino aliyafuta kwa kiganja.

Spana hakucheka. "Kaka," akasema akiangalia dari, "nina neno. Nilipovunja mlango nilikuwa namtafuta dada yako. Hiyo ni kweli. Lakini walipokushika nilikuwa mle ndani. Nilisimama. Nilikuwa na hasira na kile kitambaa, nikaacha. Ningeweza kupiga kelele na wangenisikia. Sikupiga."

"Najua," Kaka akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa nakutazama."

Wino aliweka chini bakuli la uji alilokuwa ameshika. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikumbuka maji aliyokunywa Jumapili badala ya kusema.

"Na mimi nilinyamaza," akasema. "Siku nzima. Kwa hiyo hapa hakuna msafi."

"Sina haki ya kuomba kitu," Spana akasema. "Lakini naomba. Nataka kumuoa."

"Na mikono hiyo? Utamlisha nini?"

"Vidole vitatu vitafanya kazi. Daktari amesema."

"Mimi hakuna hata kimoja kitakachofanya kazi." Kaka alifumba macho. "Usiniulize mimi. Muulize mwenyewe. Na usiniite kaka. Bado."

Spana akageuza kichwa kwenye mto. "Wino?"

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Labda mwaka huu sitakusamehe. Nitakuwa mke mwenye hasira, nakwambia mapema. Utaniweza?"

"Nimeweza jiliwa."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Lakini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nitaolewa na wewe. Na duka tutalianzisha upya, na utafanya kazi chini yake, hata kama haongei na wewe."

Akavuta kiti katikati ya vitanda viwili, akachukua bakuli. Kijiko cha kwanza alimpa Spana. Cha pili alikipeleka kwa Kaka. Kaka alifunga mdomo, akageukia ukutani. Wino hakukirudisha. Alikishikilia pale pale, mkono ukianza kumchoka, uji ukipoa, wodi nzima ikitazama, mpaka Kaka akageuka na kufungua kinywa.