Aleluya Iliyokatwa Valdecierva

Ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, na aliyeukata hakuwa na haraka.

Inspekta Leocadia Barrientos aliinama juu ya kitabu. Kilikuwa kitabu cha kwaya cha ngozi ya ndama, chenye umri wa karne tano, kikubwa kama mlango wa zizi. Watawa wa Valdecierva waliapa kwamba shetani aliwahi kujaribu kukiiba, akaambulia ugonjwa wa ngiri kwa uzito wake. Nota zake ziliandikwa nene ili kwaya nzima isome kwa pamoja kutoka vitini.

"Kimechukuliwa nini?"

"Aleluya ya mtakatifu msimamizi wetu!" Abati Wenceslao alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Kesho sikukuu yake. Na kesho hiyohiyo anakuja Daktari Pombal wa chuo kikuu, na taa yake ya kuona wino chini ya masizi. Anakuja kwa ajili ya ukurasa huo tu!"

"Una nini cha ajabu?"

"Silabi ya mwisho, Inspekta. Tunaivuta mpaka mahujaji wanasinzia na kuamka. Hakuna nyumba nyingine ya watawa inayoivuta hivyo."

Leocadia alipiga magoti. Chini ya kiegemezo cha kitabu palikuwa na makombo ya mkate, meusi tii. Akayatia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Mnakula kanisani?"

"Mungu apishe mbali!"

"Nani anatunza vitabu?"

Alikuwa Padre Eutimio, kiongozi wa waimbaji, mzee mrefu mwenye vidole visivyotulia.

"Haya makombo, Padre?"

"Panya, binti yangu."

"Panya wa hapa wanachovya mkate kwenye masizi?"

"Ni maskini. Hawachagui kitoweo."

Leocadia akataka watawa wote wakae mahali pao pa kwaya, waimbe Aleluya ile bila kitabu. Abati alinung'unika kwamba hii si harusi. Wakaimba.

Inspekta hakujua nota hata moja. Shuleni aliombwa afungue mdomo tu, asitoe sauti. Kwa hiyo alitazama midomo. Silabi ilipanda, ikazunguka, ikashuka, kisha ikaanza kupanda upya. Hapo midomo yote ilibaki wazi, isipokuwa mmoja.

Alimhoji Padre Eutimio katika sakristia, mlango umefungwa.

"Ulinyamaza."

"Pumzi, binti yangu. Uzee."

"Na pumzi ikarudi kwenye neno lililofuata?"

Padre alianza kukunja joho lililokuwa limekwisha kukunjwa.

"Makombo ya mkate husafisha ngozi, Padre. Maabarani kwetu wanasafishia hati za zamani. Uliposugua, uliona nini?"

Vidole vya mzee vikatulia.

"Vitone," alisema. "Nilitaka ukurasa upendeze mbele ya mgeni. Masizi yakatoka, nikaona vitone chini ya mstari mzima. Mwandishi wa zamani akikosea hakutupa ngozi ya ndama. Aliweka vitone: hapa msiimbe. Alikuwa amenakili mstari uleule mara mbili! Mishumaa ikavifunika vitone, na sisi tukaimba usingizi wa mtu karne zote hizi."

"Ndiyo maana ukakata."

"Daktari angeviona. Abati ni mtu wa kanuni; angeufuta mstari jioni hiyohiyo. Mimi nilikuwa kijana mhuni, Inspekta. Nilikuwa juu ya ukuta wa bustani ya nyumba hii naiba peasi, nikasikia silabi ile inapanda mara ya pili. Nikasahau kushuka upande wa nje. Nilitaka ndugu zangu waendelee kuiimba."

"Lakini wewe mwenyewe hukuiimba."

"Hali najua? Mbele za Mungu? Mdomo ulikataa."

Ukurasa ulikutwa chini ya godoro lake, umelazwa bapa. Abati alivitazama vitone muda mrefu. Akaenda zake kanisani.

Leocadia hakumtia mtuhumiwa pingu. Alimfunga mkanda wa gari tu. Kengele ya Masifu ya Jioni ya mkesha wa sikukuu ikalia.

"Zima injini, nakuomba," alisema Padre.

Akazima. Kupitia madirisha ya kanisa Aleluya ilianza. Silabi ya mwisho ilipanda, ikazunguka, ikashuka.

Ikakatika. Padre Eutimio alishika dashibodi kwa mikono miwili.

Kisha sauti ya Abati, mbovu, nje kabisa ya nota, ikaanza kupanda upya peke yake. Wengine wakaidaka.

Machozi yalimtiririka mzee hadi kidevuni.

"Ameingia mapema mno, mbuzi yule," alisema. "Washa gari, binti yangu. Twende kabla sijarudi kumsahihisha."