Makala Matatu Yasiyokuwepo

Hasina alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo, si mbali na Msambweni. Kila asubuhi alifagia baraza, akamchemshia mumewe mihogo, kisha akaenda kazini kwa miguu. Mumewe, Luqman, alikuwa fundi wa friji katika hoteli za Diani.

Kwa miaka miwili Hasina aliliona jambo moja, akaliandika katika daftari. Wanawake walikuja na maumivu chini ya kitovu. Wengine walitokwa na damu. Walikuwa wameambiwa wana ugonjwa wa zinaa. Walipewa dawa, hawakupona. Waume zao wakawageuka. Jirani yake Mbodze alirudishwa kwao kwa maneno hayo hayo.

Mbodze alipopimwa vizuri, ikaonekana ni kichocho. Alikipata mtoni, alikokuwa akifua nguo.

Wanawake kumi na saba, Mbodze akiwamo, walikuwa na shida hiyo hiyo. Walikubali habari zao ziandikwe, ila majina yasitajwe popote. Hasina akaomba kibali cha utafiti, akapewa. Akaanza kuandika makala ya jarida la udaktari, ili wauguzi wa kwingine nao wajue.

Lakini Kizungu chake kilikuwa cha kukwamakwama.

"Mbona unajitesa?" Luqman alimuuliza. "Tumia akili unde. Ni programu ya simu. Unaieleza unachotaka, inakuandikia kama mtu."

Hasina akapiga picha kurasa za daftari, akazitia kwenye programu ile. Mara makala yakatoka, Kizungu kinateleza kama mafuta. Hakuyasoma yote. Wagonjwa walikuwa wakimngoja. Akayatuma.

Wiki tatu zikapita. Mchana mmoja barua ya mhariri wa jarida ikaingia katika simu yake.

"Umetaja makala matatu ya watafiti wengine," mhariri aliandika. "Tumeyatafuta. Hayapo. Pia umesema wanawake wote walipona kwa wiki mbili. Ushahidi uko wapi? Je, ulitumia akili unde? Kama uliitumia, mbona hukusema? Tunangoja jibu lako kwa siku kumi."

Hasina aliisoma barua mara mbili. Hayapo? Hayapo vipi? Alifungua makala yake, akayasoma neno kwa neno. Na kweli, sentensi ile ilikuwapo. Wanawake wote walipona kwa wiki mbili. Yeye hakuiandika kamwe! Wanne kati yao walikuwa bado wanaumwa.

Jioni alimweleza Luqman.

"Mwambie hukuitumia," Luqman alisema. "Nani atajua?"

Hasina alimtazama asiamini masikio yake. "Luqman! Muuguzi akisoma kwamba wote hupona kwa wiki mbili, atamwambia mgonjwa nini wiki ya tatu?"



Kesho yake Hasina alikwenda kwa Nzembi, mama wa makamo aliyetoka Ukambani na kuhamia hapo miaka mingi iliyopita. Nzembi alikuwa mkutubi katika chuo cha afya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuwa hivyo? Umefiwa?"

Hasina akampa simu. Nzembi akaisoma barua polepole.

"Programu hii haijui ukweli na uongo," alisema. "Inapanga maneno yanayofanana na ukweli. Ikikosa jina la kitabu, inaweza kulibuni."

"Kwa hivyo ni haramu kuitumia?"

"Kila jarida lina kanuni zake. Uzisome kabla ya kutuma. Mengi yanakuruhusu kunyoosha lugha, bora useme wazi uliitumia wapi na kwa kazi gani. Lakini haiwezi kuandikwa kuwa mwandishi. Mwandishi ni mtu wa kuulizwa. Likiharibika neno, utaulizwa wewe."

Kisha Nzembi akainua macho. "Uliitilia nini humo ndani?"

"Daftari langu."

"Lenye majina?"

Hasina akapigwa na butwaa. Majina! Majina kumi na saba, na umri, na vijiji vyao!

"Nitayafuta," alisema kwa sauti ndogo. "Nitayafuta sasa hivi."

"Yafute. Lakini kufuta kwenye simu yako si kufuta huko yalikokwenda. Siri ya mgonjwa haitiwi humo, hata kwa nia njema. Mwambie mkuu wako wa zahanati. Na waambie wenyewe."

Hasina alimwambia mkuu wake siku ile ile. Akaonywa kwa maandishi. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Mbodze ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

"Uliniambia yatabaki baina yetu!" Mbodze alimaka. Akauacha unga aliokuwa akiuchekecha. "Nimetoka kwa mume kwa aibu. Leo hii jina langu liko wapi, Hasina? Liko wapi?"

"Sijui," Hasina alijibu, machozi yakimlengalenga. "Nimekukosea. Wallahi sijui."

Mbodze akaurudia unga wake. "Yaandike upya," alisema mwisho. "Wenzangu wasipitie niliyopitia. Lakini safari hii nisomewe kwanza, kila neno."

Hasina akamwandikia mhariri ukweli wote, akayaondoa makala yale. Akaanza upya kwa Kizungu chake mwenyewe. Nzembi alimsaidia kutafuta makala ya kweli, na kila moja walilifungua wakalisoma. Programu aliitumia kunyoosha sentensi chache tu, zisizo na habari ya mgonjwa yeyote. Mwishoni akaeleza hivyo wazi. Aliandika pia kwamba wanne hawakuwa wamepona. Mbodze alisomewa yote kwa Kiswahili, akakataa maneno mawili, yakatolewa.

Baada ya miezi mitano jarida likayachapisha.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa Purity, muuguzi wa zahanati moja upande wa Majoreni. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Dada Hasina, nimesoma makala yako," alisema. "Leo amekuja mama mmoja na mumewe, wanagombana. Nilikuwa nishaishika dawa ya zinaa mkononi. Nikairudisha. Nikamuuliza kwanza anafua wapi."

"Ikawaje?"

"Nimempima, ni kichocho. Mume ameomba radhi mbele yangu. Wametoka hapa pamoja, yeye ndiye aliyembebea mtoto."